Sauti yangu kinywani mwa mwanangu

"Hivi wewe una akili kweli?"

Nilikuwa nje naanua nguo. Mwanangu alikuwa anamwambia hivyo mdogo wake wa miaka 6, aliyemwagia uji daftari la hesabu. Maneno yalikuwa yangu. Hata ile pumzi aliyoivuta kabla ya kuyasema, na mkono kiunoni, vyote vyangu.

Alikuwa na miaka 12, darasa la sita. Mwaka ule alikuwa amebadilika: haitiki akiitwa, hasalimii wageni, anamcheka mtoto wa jirani kwa viatu vilivyochanika. Mimi nauza mitumba pale Memorial, Moshi. Natoka Pasua alfajiri, narudi magharibi. Nilijua dawa ni mahubiri na fimbo. Nilivitumia vyote viwili, na kila nikimaliza najiona mama niliyeshindwa. Kadiri nilivyojiona hivyo ndivyo nilivyozidi ukali. Mtu akiishiwa la kufanya, hupandisha sauti.

Binti wa dada yangu anasoma ualimu. Jumapili moja nikamlalamikia, akanijibu, "Mama mdogo, mtoto hujamchoka. Umejikatia tamaa wewe mwenyewe." Ndipo akanieleza habari za Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1977 aliandika kwamba imani ya mtu kuwa "hili naliweza" ina chimbuko lake: kwanza ni kujaribu jambo likafanikiwa, hata liwe dogo, tena kumwona mwenzako akiliweza, tena kutiwa moyo, na hali ya mwili wenyewe. Hilo la mwili ndilo lililonikaa. Ugomvi wangu wote ulikuwa wa saa moja jioni, miguu imevimba, tumboni hakuna kitu tangu saa nne.

Basi nikachagua jambo dogo kabisa. Nikifika, sisemi na mtu mpaka ninywe chai. Kisha namwita mwanangu tumenye ndizi, na habari za shule siulizi.

Kumenya mshare wa mtori kunamfaa sana mtoto wa umri huo, kwa sababu hamtazamani. Macho yako kwenye kisu, mikono imepakwa mafuta utomvu usigande, ndizi zinatumbukia kwenye beseni la maji zisiwe nyeusi. Wiki ya kwanza hakusema kitu. Nusura niache. Wiki ya pili, bila kuinua uso, akasema darasani wanamwita "mzee wa mitumba".

Hotuba ilinifika kooni, ya jinsi mitumba hiyo hiyo inavyomlipia daftari. Nikaimeza. Nikasema tu, "Pole, baba." Akaendelea kumenya. Usiku ule nililala nikijua kuna kitu nimekiweza.

Sheria sikulegeza. Vyombo anaosha, na akimtukana mdogo wake anaomba msamaha. Na mimi nilimwomba yeye msamaha kwa yale maneno ya "una akili kweli", jambo ambalo mama yangu mzazi angelicheka hadi kesho. Yule binti aliniambia kuwa tangu miaka ya 1960 Diana Baumrind, naye wa Marekani, alikwisha kutofautisha mzazi mkali mtupu, mzazi anayeachia kila kitu, na yule mwenye upendo na masharti kwa pamoja. Mimi nilikuwa yule wa kwanza.

Sidai kwamba mimi ndiye niliyembadilisha. Huenda yeye ndiye aliyepoa kidogo, nami nikapata moyo. Mtoto mpole humfanya mama yeyote ajione hodari. Na bado kuna siku anabamiza mlango.

Lakini Aprili, masika yamepamba moto, mvua ilinikuta sokoni na robota nimeshalifungua. Nguo zote zikalowa. Nilirudi sina neno. Alinisogezea kigoda, akanimiminia chai, akaanza kumenya peke yake. Hakuniuliza kitu mpaka kikombe kilipoisha.

"Mama, tuongeze ndizi kidogo," akasema. "Yule wa jirani, mama yake amelazwa KCMC. Nimemwambia aje kula."

Alikuwa yule yule wa viatu.