Hela ya mnunuzi si mapato bado

Nimetoka kikaoni sasa hivi, kikundi chetu cha parachichi hapa Tukuyu. Nina furaha jamani.

Mnunuzi katulipa kianzio, matunda yenyewe bado yako mtini. Kwenye ripoti ya Kiingereza aliyoiomba, rasimu ilisema "revenue", yaani mapato.

Mhasibu wetu, binti mdogo tu, akainuka.
"Samahani mzee mwenyekiti. Hapa bado tunadaiwa parachichi."
Akalikata neno kwa kalamu nyekundu, akaandika "contract liability", yaani deni la mkataba, kama IFRS 15, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mapato, inavyotaka, akahamishia kiasi chote upande wa madeni.

Kimya.

Mama mmoja akauliza: "Kwa hiyo hatugawani?"
"Hapana mama, mpaka mzigo ukabidhiwe."

Vikundi vingapi vimevunjika kwa kula kianzio!

Ninyi wenzangu wa Rungwe na Njombe, kianzio mnakiandika wapi?