Mjomba na Mashine ya Kuoshea Vyombo

Nyumba tuliyopanga kusini mwa Minneapolis mwaka 2013 ilikuwa na chumba cha chini ya ardhi ambamo mwenye nyumba, bibi mmoja mjane, alikuwa amerundika kila kitu ambacho hakutaka kukitupa wala kukiona. Nyuma ya tanuri la kupashia nyumba joto, chini ya shuka la maua, ilisimama mashine ya kuoshea vyombo ya rangi ya kijani cha parachichi, rangi ambayo Wamarekani waliipaka kila kitu cha jikoni katika miaka ya 1970 na baadaye wakaionea haya. Ilikuwa na magurudumu manne madogo, moja likiwa limekwama, na juu yake palikuwa na ubao mnene wa kukatia nyama na mboga. Waya wa umeme na mipira miwili ya maji ilikuwa imeviringishwa mgongoni mwake. "Ikiwafaa itumieni," alisema bibi yule, "isipowafaa msihangaike kuipandisha, ni nzito."

Mashine za namna ile ziliwafaa watu kama sisi, yaani wapangaji wasioruhusiwa kukata makabati wala kutoboa kuta. Unaisukuma hadi kwenye sinki, unachomeka plagi, kisha unaibana kwenye mdomo wa bomba kwa kiungo kimoja chenye njia mbili: moja inaingiza maji ya moto, nyingine inarudisha maji machafu na kuyamwaga sinkini. Ikimaliza unaifungua na kuirudisha pembeni, ikageuka kuwa meza.

Nisingeishughulikia lau si mikono yangu. Nilikuwa nikifanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na katika zamu moja nilinawa mikono mara zisizohesabika. Ilipofika Novemba na hewa kukauka, ngozi ya vidole ilianza kupasuka kwenye maungio, na kila nilipoiingiza mikono katika maji ya sabuni nyumbani ilikuwa kama nimeipaka pilipili. Mwezi huohuo mjomba wangu alikuja kututembelea kutoka Tanga. Alikuwa amestaafu ufundi wa mitambo katika shamba la mkonge, ambako kwa miaka mingi alitunza korona, ile mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge na kubakiza nyuzi, na sasa theluji ilikuwa imemfungia ndani, hana cha kushika isipokuwa rimoti ya televisheni.

Nilipomteremsha kuiona, hakuuliza imetengenezwa lini wala na nani. Aliufungua mlango, akapitisha kidole kwenye ufito wa mpira unaoziba pembezoni, akanusa ndani, kisha akapiga magoti na kujaribu kuizungusha feni ya pampu kwa ncha ya bisibisi. Haikusogea.

"Imekauka tu hii, mwanangu," alisema. "Tuipe maji inywe."

Alinieleza kwamba baina ya mota na maji kuna sili, yaani kizibo cha kuzuia maji yasipite, na kwamba sili ikikaa miaka bila kulowa hukakamaa na kuung'ang'ania mhimili. Ukiwasha umeme katika hali hiyo, ama mota itaungua au sili itachanika, na maji yatateremka moja kwa moja kwenye nyaya. Basi tukajaza sehemu ya chini maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa na siki, tukaiacha siku tatu. Kila asubuhi niliporudi kazini nilimkuta Mjomba amekwisha kushuka, amevaa koti langu la theluji juu ya msuli, anaipapasa sakafu kuona kama pamevuja.

Siku ya tatu feni ilizunguka nusu, ikagota. Alipolitoa chujio la chini tulikuta kokwa mbili za cheri, kijiko kidogo cha kulishia mtoto mchanga, na kigae cha glasi chembamba kama ukucha, ambacho ndicho kilichokuwa kimeikaba. Kijiko nilimpelekea mwenye nyumba. Alikigeuzageuza kwa muda, akakitia mfukoni mwa sweta, akaanza kuzungumzia theluji.

Kilichomfurahisha Mjomba kuliko vyote kilikuwa saa ya mashine. Haina kompyuta yoyote: nyuma ya kitasa cha kuzungusha kuna mota ndogo inayoendesha magurudumu ya plastiki taratibu sana, na kila gurudumu lina vinundu vinavyobonyeza vipande vya shaba, hiki kikifungua maji, hiki kikiwasha pampu, hiki kikipeleka umeme kwenye koili ya kukaushia. Aliniita nitazame akiizungusha kwa mkono, kinundu baada ya kinundu, akinitajia mashine inafanya nini wakati huo, na ni mara chache tangu afike nilimsikia akizungumza kwa muda mrefu namna ile. Vipande vya shaba vilikuwa vimepiga weusi. Alikunja kijipande cha msasa laini na kuvisugua kimoja kimoja. Mpira mmoja wa maji ulipasuka alipoukunja, hivyo ikanibidi kununua mwingine, pamoja na kipande cha shaba cha kuunganishia, kwa sababu hesi za mdomo wa bomba letu hazikuoana na za kiungo cha zamani.

Nilidhani tungeiwasha wikiendi ile. Mjomba aliitazama soketi iliyokuwa karibu na sinki, ambayo ilikuwa na matundu mawili tu, hakuna ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, akakataa katakata. Alisema aliwahi kumwona kijana akitupwa na umeme kwenye sakafu yenye maji pale kiwandani, na kwamba hatakaa jikoni kwangu kuliona jambo hilo mara ya pili. Tulimwomba mwenye nyumba alete fundi wa kuweka soketi yenye ethi, inayojikata yenyewe umeme ukivuja, na fundi akachukua karibu wiki tatu kufika.

Katika siku hizo za kungoja nilimsimulia habari za Josephine Cochrane, mama wa mji wa Shelbyville, Illinois, aliyepata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mashine yake ya kuoshea vyombo mwaka 1886 na kuipeleka katika maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893. Inasimuliwa kwamba hakuwa akiosha vyombo mwenyewe, bali alichoka watumishi wake kumvunjia sahani za thamani. Mjomba alicheka na kusema kwamba dada yake, yaani mama yangu, angemwelewa mtu huyo vizuri.

Jumatatu ya tarehe 6 Januari 2014 baridi ilikuwa karibu nyuzi 30 chini ya sifuri, na gavana wa Minnesota, Mark Dayton, alikuwa ameamuru shule za jimbo zima zifungwe. Watoto walikuwa nyumbani, mume wangu alikuwa nyumbani, na vyombo vya jana usiku vilikuwa vimejaa sinki. Tuliisukuma mashine kutoka pembeni, likibururwa gurudumu lake bovu, tukaibana kwenye bomba, nikafungua maji ya moto, na Mjomba akasema "Bismillahi" na kuzungusha kitasa.

Ilinguruma. Watoto waliziba masikio huku wakicheka, na kweli ilikuwa na kelele kama mashine ya kusaga mahindi, lakini maji yalikuwa yakirushwa ndani, tuliyasikia yakipiga mlango. Nilikuwa nimebandika mchele na nikaona maji hayatoshi. Kwenye kiungo kuna kitufe ambacho ukikibonyeza bomba hukupa maji hata mashine ikiwa imefungwa; nikakibonyeza, nikajaza jagi kubwa. Dakika chache baadaye mngurumo uligeuka kuwa kikohozi. Mjomba, aliyekuwa amekaa mbele yake kama anayemlinda mgonjwa, alinigeukia.

"Umeyachukua maji yake?"

Nilikiri. Aliniambia nimefanya kosa, kwani mashine hii haipimi maji iliyopata. Saa inafungua maji kwa muda maalumu na kuyafunga, basi. Ukiyachota wakati huo, pampu inabaki ikinywa hewa. Vyombo vilipotoka, vya chini vilikuwa safi na vya juu vilikuwa bado na mchuzi, na vyote vilikuwa na ukungu mweupe kama vimenyunyiziwa unga.

Ukungu ule haukuwa kosa la kitufe peke yake. Maji yaliyolala ndani ya mabomba usiku kucha katika baridi ile yalikuwa ya barafu, na hayo ndiyo yaliyoingia kwanza, wakati maji ya moto bado yako njiani. Na sabuni yenyewe si ile mashine iliyoizoea. Zamani sabuni za mashine hizi zilitiwa fosfeti, inayoyashika madini ya maji yasigande kwenye glasi. Lakini fosfeti ikifika ziwani hulisha mwani, na jimbo ambalo vibao vya magari yake hujisifu kwa maziwa 10,000 liliizuia mwaka 2010, pamoja na majimbo mengine kadhaa. Siwalaumu. Ila ilibidi tutafute njia yetu, nasi tukaipata dukani kwa Mhindi wetu, katika mfuko wa unga wa ndimu.

Jioni tulianza upya. Safari hii nilifungua kwanza maji ya moto kwenye ndoo mpaka yakanichoma kidole, na yale ya baridi tukayaweka ya kudekia, ndipo tukaifunga mashine. Nilitia kijiko kimoja cha unga wa ndimu juu ya sabuni. Mjomba aliikinga ndoo ya lita 20 chini ya mdomo wa kutolea maji ili apime, akaijaza mara mbili na bado yakaendelea kutoka, akatikisa kichwa. Mashine mpya za Marekani za wakati ule hazikutakiwa kuzidi lita 19 kwa mzunguko mzima. Kwa upande wa maji ile mashine ilikuwa mlafi, na sina utetezi isipokuwa mikono yangu, ambayo siku ile haikulowa.

Zaidi ya saa moja bomba la jikoni lilikuwa mateka. Mume wangu alikuja na kikombe akarudi nacho, watoto wakapelekwa kunywa maji chooni, mimi nikakaa mbali na kitufe. Hatimaye saa iligonga kinundu chake cha mwisho, ikanyamaza. Mjomba aliufungua mlango, mvuke ukamfunika miwani. Akaitoa sahani moja ya juu, ya moto kiasi cha kuibadilisha mkono kwa mkono, akaisugua kwa kidole gumba, ikalia.

"Sasa chai," alisema.

Nilitazama bomba, ambalo bado lilikuwa limebanwa na mashine, nikainuka kwenda kulifungua. Akaniashiria nikae. Birika alikuwa ameshalijaza tangu mwanzo.