Bolti ya puli ya krenki: nguvu yako inavujia wapi

Ukitaka kubadilisha sili ya mafuta ya mbele, au mkanda wa taimingi kwa injini zenye mkanda, lazima upite kwa bolti moja iliyo katikati ya puli kubwa ya chini, ile inayokaa kwenye ncha ya krenki, mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Kwenye Toyota 1NZ-FE, injini ya Probox na Fielder nyingi zinazozunguka Mombasa, bolti hii hukazwa 128 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Honda kadhaa hufika 245 Nm. Hizo 128 ni sawa na kilo 13 tu zikining'inia mwisho wa paipu ya mita moja, na hata 245 ni kilo 25. Mtu yeyote mzima anaziweza. Ikiwa vijana wawili wamening'inia na bolti imegoma, tafuteni kwanza nguvu yenu inapotelea kabla ya kwenda kuazima paipu ndefu zaidi.

Kweli, kulegeza bolti iliyokaa miaka kumi huhitaji nguvu zaidi ya iliyoikaza, na gari linalolala Nyali au Shelly linapigwa na upepo wa chumvi usiku kucha. Lakini angalieni kutu iko wapi. Bolti inapokazwa, karibu nusu ya nguvu huliwa na msuguano chini ya kichwa chake, kama asilimia 40 huliwa na thredi, na asilimia 10 hivi tu ndiyo inayoinyoosha bolti. Kwa hiyo anayekushikia bolti zaidi ni kichwa pamoja na washa yake, na hapo ndipo chumvi huanza kula. Mafuta ya kupenya kama WD-40 hayazifikii thredi zilizojificha ndani ya krenki kwa dakika tano. Pulizia ukingo wa washa jioni, rudia asubuhi, kisha weka kipande cha chuma katikati ya kichwa na ukipige kwa nyundo ya kilo moja, mapigo matano au sita yaliyonyooka. Mapigo ya wastani yanatosha kupasua kutu. Usitwange kwa nguvu zote, kwa sababu beringi inayoizuia krenki kwenda mbele na nyuma ndiyo itakayopokea kishindo.

Sasa uvujaji wenyewe wa nguvu. Kwanza ni soketi. Tumia ya pembe sita, mara nyingi ya milimita 17 au 19 kutegemea injini, yenye ukuta mnene. Ile ya pembe kumi na mbili inashika ncha za kichwa tu na itakimomonyoa. Pili ni ekstensheni, chuma cha kurefushia soketi. Ile nyembamba ya nusu inchi hujipinda kama springi, unasukuma na bolti haihisi kitu. Ondoa gurudumu na kinga ya plastiki ili utumie ekstensheni fupi kabisa, ikiwezekana ya robo tatu inchi, na uweke stendi chini ya ncha yake ya nje ili soketi isiiname. Hili la stendi wengi hulidharau, na ndilo linalookoa kichwa cha bolti.

Uvujaji mkubwa kuliko yote ni krenki yenyewe kuzunguka. Kwa gari la manyuo (gia za mkono), weka gia ya tano na mtu akanyage breki kwa dhati. Gia ya juu ndiyo inayozirahisishia breki kazi. Hata hivyo klachi na raba zinazoshikilia injini vitameza sehemu ya nguvu. Kwa otomatiki njia hii haifai kabisa. Kufunga puli kwa mnyororo pia sikushauri: puli nyingi zina mpira kati ya kiini na duara la nje, na duara likiteleza alama ya taimingi, ile ya kulinganisha krenki na vali, inahama. Utakuja kupanga taimingi kwa alama ya uongo.

Kilicho bora ni kishikizo cha kuizuia puli isizunguke. Puli nyingi za Honda zina tundu la pembe sita la milimita 50 kwa ajili hiyo. Za Toyota mara nyingi zina matundu mawili yenye thredi. Jaribu bolti ya M8 kwa mkono. Mpelekee fundi wa kuchomelea chuma bapa cha unene wa milimita 10 na urefu wa sentimita 80, akitoboe matundu mawili kulingana na puli na nafasi ya soketi katikati. Ukitazama puli, kishikizo kielekee kushoto, ncha yake ikae juu ya gogo sakafuni. Pawa ba, yaani mpini mrefu wa kuzungushia soketi, ielekee kulia, uivute juu taratibu kwa miguu na mgongo ulionyooka. Ikilegea italia "tak!" kama kitu kimevunjika. Usishtuke.

Wengine hutumia stata, mota ya kuwashia injini: pawa ba inawekwa iguse sakafu, ufunguo unapigwa kidogo, injini inajifungulia bolti. Hufanya kazi kwa injini inayozunguka kufuata saa ukiitazama upande wa puli, na lazima kwanza uchomoe koili na injekta isije ikawaka. Lakini Honda za zamani za mfululizo wa D, B, F na H huzunguka kinyume cha saa, na bolti yao ni ya kawaida, hufunguka kushoto. Stata hapo inaikaza zaidi. Dalili yake: kwa magari yetu ya usukani wa kulia, puli hizo ziko upande wa abiria.

Kuhusu impakti ya upepo, bunduki ya kufungulia bolti kwa kugonga, tatizo huwa kompresa. Hosi nyembamba ya kujazia tairi inapunguza upepo hadi bunduki inagonga bila kufungua. Tumia hosi fupi yenye tundu la milimita 10, bila ekstensheni ndefu, kwa sekunde tano tano. Moto wa gesi uache: sili na mpira wa puli viko karibu mno.

Wakati wa kurudisha, safisha kutu yote, weka tone la mafuta ya injini kwenye thredi, na uso wa puli unaokutana na washa uwe mkavu. Usipake grisi ya shaba. Inapunguza msuguano na bolti itanyooka kupita kiasi. Kaza kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, si kwa kukisia. Bolti hii ikilegea puli huanza kucheza, ikala kabari (kipande cha chuma kinachoifunga puli na krenki) na mfereji wake kwenye krenki, na mfereji ukishaliwa unatafuta krenki nyingine.