Jina la Katniss lilikuwamo mara 20

Wengi wakisimulia The Hunger Games ya Suzanne Collins huanzia pale Katniss anapojitolea aende kufa badala ya mdogo wake Prim. Mie naona alikwishajitoa zamani, na hakuna aliyemshangilia.

Nchini mwao, Panem, kila mtoto wa wilayani wa miaka 12 hadi 18 jina lake huingizwa kwenye kura ya kuchagua watakaopelekwa uwanjani kuuana mpaka abaki mmoja. Masikini huruhusiwa kuongeza jina apewe nafaka na mafuta ya mtu mmoja kwa mwaka, na majina hayo hayafutwi, yanajilimbikiza. Katniss ana miaka 16, baba kafia mgodini, na jina lake limo mara 20. La Prim limo mara moja tu, kwa sababu dadaake alimkatalia katakata kuchukua posho ile. Kura ikamwangukia huyohuyo wa karatasi moja.

Kwetu Wete dada yetu mkubwa aliacha skuli ili wadogo tusome. Msimu wa karafuu akichambua za watu mpaka usiku, makonyo huku, karafuu kule, mikono inanuka karafuu hata akikushikia mkate wa asubuhi. Hakutangaza kitu. Siku moja hakuvaa sare, basi.

Divergent ya Veronica Roth ni kitabu chepesi zaidi, nakiri sikukipenda sana. Chicago imegawanywa makundi matano, na watu hufunzwa kuwa kundi linatangulia damu. Wazazi wa Tris, msichana anayesimulia, wanakufa wakimwokoa, upesi upesi, hata huruma haijapata pa kukaa. Lakini Caleb! Kakaake wa damu, aliyejiunga na waliotaka kumuua. Katika kitabu cha tatu Caleb ndiye aliyepangwa kuingia mahali pa kifo, Tris akaingia yeye, na hakutoka hai.

Hapo Roth kampita Collins. Prim ni mtoto mpole, ana mbuzi wake, nani asingemfia? Huku Pemba nduguyo akikudhulumu mikarafuu ya urithi, mnaweza kukaa miaka hamsalimiani. Ukifa atakuja kubeba jeneza, hilo sawa. Lakini kumfia yeye?

Prim naye anakuja kufa kwa mabomu mwisho wa vita vya kuwapindua watawala wa Panem. Wasomaji wengi walikasirika. Mie nilimwona mwandishi mkweli: kumkinga mtu leo si dhamana ya kesho.

Nilipomhadithia dada kisa cha Katniss, mambo ya Capitol, mji mkuu wa Panem, hayakumshughulisha kabisa.

"Na mama yao alikuwa wapi?"

Nikamwambia alifiwa na mume, akawa anakaa tu, hasemi, hapiki, ndipo Katniss akaingia msituni kuwinda.

"Ana wana wawili, anakaa tu? Hata!"

Nikajaribu kumtetea, huzuni ni maradhi, dada akanitazama kama niliyesema upuuzi. Na mwisho wa hadithi mama huyo harudi nyumbani na Katniss, anakwenda kufanya kazi hospitali wilaya nyengine. Hilo sijamwambia.