Nilivyoandika utoto wa Theseus kwenye kaunta buku

Likizo ya Desemba ilinikuta hapa Tanga na watoto watatu wa kaka yangu na televisheni iliyoungua. Kaka yuko Muscat kikazi, mwaka wa nne sasa. Wifi anashinda dukani hadi saa mbili usiku, kwa hiyo kazi ya kuwatuliza watoto ikaniangukia mimi, shangazi mtu. Hadithi za sungura na fisi walishazimaliza, na za Abunuwasi wananisahihisha wao. Usiku mmoja yule mkubwa, wa darasa la sita, ambaye alikutana na Wagiriki kwenye katuni, akaniuliza, "Shangazi, hawa mashujaa walipokuwa wadogo kama sisi walikuwa wanafanya nini?"

Nikamwambia nitamjibu kesho. Walipolala nikakaa na simu nikitafuta, na nilichokipata kilikuwa kidogo mno. Mashujaa wa Kigiriki wanazaliwa kwa kishindo, kisha ukigeuza kichwa tu wana ndevu. Heracles ana miezi minane ananyonga nyoka wawili kitandani. Tukio linalofuata ni kijana anayempiga mwalimu wake wa muziki, Linus, kwa kinubi hadi kumuua, kwa sababu mwalimu alimchapa. Wifi alisema hiyo haisomwi ndani ya nyumba yake, maana anaye mmoja anayetafuta kisingizio tu.

Nikajaribu Achilles. Yeye alilelewa mlima Pelion na Chiron, nusu mtu nusu farasi, akalishwa matumbo ya simba na uboho wa dubu. Hicho chakula kiliwafurahisha sana. Lakini nilipofika kwenye kisigino chake, mahali pekee alipoweza kudhurika, mkubwa akadakia, "Kama Fumo Liyongo na kitovu!" Basi ikawa zamu yao kunisimulia mimi habari za sindano ya shaba na mtoto aliyemsaliti baba yake. Usiku ukaisha tukiwa Pate badala ya Ugiriki, na sikuwa na sababu ya kulalamika.

Aliyenikalia vizuri ni Theseus. Mtoto huyu alikulia Troezen, kwa mama yake Aethra na babu yake Pittheus. Baba yake, Aegeus, mfalme wa Athens, aliondoka kabla hajazaliwa. Alichoacha ni upanga na jozi ya viatu vya ngozi chini ya jiwe kubwa, na maagizo kwa mama: mtoto wa kiume akipata nguvu za kuliinua jiwe, avichukue aje navyo kwangu. Kisa hiki kinajulikana sana, ila huwa kinarukwa haraka ili msimulizi awahi kufika kwa Minotaur, yule mwenye mwili wa mtu na kichwa cha fahali, ambaye Theseus alimuua alipokuwa mkubwa. Mimi nilitaka nikae palepale, kwenye miaka ya katikati, mtoto akiwa hajui kitu.

Nikanunua kaunta buku, nikaandika sura tatu kwa siku mbili, na zote zilikuwa mbaya. Najua kwa sababu nilikuwa na penseli mkononi: kila mtoto alipojikuna, alipopiga miayo au alipouliza kama kuna chai, niliweka alama ya x pembeni ya mstari. Sura ya kwanza ilipata x kumi na nne. Theseus wangu alikuwa na nguvu kuliko wote, hodari kuliko wote, anashinda kila kitu. Wa kati, wa darasa la nne, akanipa sababu bila hata kuinua kichwa kwenye mkeka: "Huyu si hawezi kufa, Shangazi? Ulisema atakuwa mkubwa aende kumuua yule ng'ombe."

Alikuwa amesema kweli. Ukiandika utoto wa mtu ambaye mwisho wake unajulikana, hatari ya kufa haimtishi msikilizaji. Nikawaza kutwa nzima nikiwa jikoni, nikaunguza na maharage, mpaka nikaona kwamba nilikuwa nimekalia dawa bila kujua, kama Theseus mwenyewe. Watoto wanajua kuna nini chini ya jiwe. Yeye hajui.

Nikaanza upya. Sasa ni watoto watatu wa Troezen, mbuzi saba wa babu walioibwa, na chombo cha wezi kilichotia nanga usiku kwenye kijighuba. Matukio hayo niliyatunga mwenyewe. Lakini karibu kila sura nililipitisha lile jiwe. Theseus anakaa juu yake akila tini. Ananolea kisu chake. Anajificha nyuma yake wezi wakipita, mgongo umebana kwenye ubaridi wa jiwe, na upanga uko shubiri chache chini ya makalio yake. Wa mwisho, wa miaka saba, alisimama wima: "Chini! Angalia chini!" Sura hiyo haikupata x hata moja.

Sehemu niliyoikuta tayari na sikuigusa sana ni ya ngozi ya simba. Pausanias, msafiri wa karne ya 2, anasimulia kwamba Heracles alifika Troezen kula kwa Pittheus, akavua ile ngozi yake akaiweka chini. Watoto waliokuja kuchungulia walipoiona wakatimua mbio. Theseus, mwenye umri wa miaka saba, akanyakua shoka kwa watumishi akaishambulia ngozi, akidhani ni simba mzima. Niliisoma mara tatu usiku ule. Mtoto amekosea kabisa, wakubwa wanacheka, na bado ushujaa wake ni wa kweli. Wa miaka saba wetu hakucheka. Aliuliza, "Heracles alikasirika ngozi yake kukatwa?" Nikamjibu kwamba sijui, kisha nikaongeza mstari: Heracles alikaa akaishona, akamwambia mtoto ashike uzi.

Makosa yalikuwa mengi pia. Nilimchomea Theseus mahindi. Nilipoandika sikuona ubaya wowote, mpaka nilipokumbuka kwamba mahindi yalitoka Amerika, na huku kwingine hayakufika kabla ya safari za Columbus za mwaka 1492 na kuendelea. Nikayafuta, pamoja na nyanya. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwekea minazi, nikidhani nawasogezea hadithi karibu, na mkubwa akaniuliza, "Ugiriki kuna minazi?" Nikarudisha mizeituni, misonobari, mkate wa shayiri na jibini la mbuzi. Walielewa vizuri tu. Kilichowasogezea hadithi ni namna watu wanavyosemezana: babu anayegomba, mama anayejua jambo na hasemi.

Mama yangu, bibi yao, naye alikuwa na lake. Alikuwa pembeni anachambua mchele, akasikia "mungu wa bahari". "Mnawasomea watoto mambo ya masanamu?" Nikamweleza kwamba hayo ni waliyoyaamini watu wa zamani, na kwamba hata Plutarch, aliyeandika maisha ya Theseus, anasema ni babu Pittheus ndiye aliyeeneza uvumi kuwa mtoto ni wa Poseidon, huyo mungu wa bahari. Mama akanyamaza kidogo. "Babu alikuwa anamfichia aibu binti yake," akasema, akaendelea na mchele. Maelezo hayo yalikuwa mazuri kuliko yangu, nikayatia kwenye sura ya saba. Toka siku hiyo mchele wetu ulichambuliwa kila usiku saa za hadithi, hata ule uliokwisha chambuliwa.

Jambo moja nusura linigombanishe na wifi. Plutarch anasema Theseus alipofika ujana alikwenda Delphi, mahali patakatifu pa Wagiriki, kutoa nywele zake sadaka, akanyolewa za mbele tu. Anawataja na watu waitwao Abantes, waliokuwa wakinyoa hivyo ili adui asipate pa kushika vitani. Kesho yake kinyozi wa mtaani akanipigia simu: kuna kijana hapa anataka anyolewe mbele, nyuma ziachwe, na anasema shangazi anajua. Nikamwambia amnyoe zote.

Sura ya mwisho niliisoma siku mbili kabla shule hazijafunguliwa. Niliikatia pale jiwe linapoinuka. Majambazi wa njiani, yule Sinis wa kukunja misonobari na Procrustes na kitanda chake, niliwaacha kwa likizo nyingine ingawa walinidai sana. Aethra anampeleka mwanawe mahali pale alipokuwa akila tini miaka yote. Anamwonyesha kwa kidole tu. Niliandika ukurasa mzima juu ya mikono: kucha zinavyoingia udongoni, jiwe linavyokataa, linavyokubali, mende wanavyokimbia mwanga. Kisha upanga. Hapo nikasimama, nikijua nimewashika.

Wakubwa walipiga makofi. Wa mwisho alikuwa bado anafikiri. Alizaliwa miaka saba iliyopita, na baba yake anamfahamu zaidi kwa sura ya kwenye simu na kwa maboksi yanayoletwa: nguo, tende, viatu.

"Shangazi, na viatu vilimtosha?"

Sura nane nzima nilikuwa nimeandika habari za upanga. Viatu nilivitaja mara mbili tu, kwa kupita. Nikachukua penseli.

"Vilikuwa vikubwa kidogo," nikasema.

"Akavivaa?"

"Akavivaa. Mama yake akamfunga kamba mara mbili."

Akaniambia niandike hiyo ya kamba, nisisahau. Nikaiandika akiwa ananitazama.