Masters ya kufundisha kusoma, miezi minne ya kutafuta

Nafundisha darasa la pili mkoani Shinyanga, mwaka wa 13 huu, na nimetumia miezi minne kutafuta masters inayohusu kufundisha watoto kusoma. Wenzangu wengi wanachukua utawala wa elimu na nawaelewa kabisa, mtu anatafuta ukuu wa shule au uafisa elimu. Mimi walionisukuma ni watoto wawili.

Wa kwanza, ba be bi bo bu anazimwaga kama maji, ma me mi mo mu hivyo hivyo, mzazi akija anafurahi. Siku moja nikazichanganya ubaoni, bu, ma, bo, akabaki ananiangalia. Kumbe miezi yote alikuwa anaimba, hasomi. Wa pili silabi anazijua kweli, nikamwandikia "wanakimbilia", akaenda wa, na, ki, akafika mbi akakwama, na alipomaliza alishasahau alianzaje. Sikujua nimsaidieje. Chuo cha ualimu nilitoka nikiamini mtoto akishajua silabi basi kazi imeisha, na hata mafunzo ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) tuliyopata mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipobadilika 2015 yalinisaidia sana ila hayakunifikisha hapo.

Nikaingia intaneti. Ukitafuta digrii ya namna hii unaletewa vyuo vya Marekani kibao, kule ni fani kamili, mwalimu anasomea halafu shuleni kazi yake inakuwa kukaa na watoto waliobaki nyuma kwenye kusoma tu. Nilitamani jamani, nusura nijaze fomu. Ila nikaanza kufungua orodha za masomo moja moja (bando liliisha mara mbili) nikaona mengi yanahangaika na tatizo la Kiingereza, maana kule though, through na tough zimeandikwa karibu sawa na kila moja inatamkwa kivyake. Kiswahili hakina shida hiyo, a ni a popote utakapoiweka. Shida yetu sisi ni neno refu, "hawakunisaidia" ni sentensi nzima imejaa kwenye neno moja, mtoto anatakiwa ashike nani, lini, kwa nani, kabla hajafika mwisho. Shida ni ng na ng'. Na watoto wangu nyumbani ni Kisukuma kitupu, r na l kwao hazina tofauti, anakutana na kura anasoma kula na anaelewa chakula. Somo la hayo sikuliona kule. Halafu mafunzo ya vitendo mengi yamepangwa kufuata leseni ya jimbo la huko, mimi leseni ya jimbo naipeleka wapi, na ukirudi na digrii ya nje bado uipeleke TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, itambuliwe.

Siyo kwamba sikupata kitu. Ripoti ya National Reading Panel, jopo la Marekani lililopitia tafiti za kufundisha kusoma, ya mwaka 2000 inataja mambo matano, kutambua sauti ndani ya neno, kuoanisha sauti na herufi, kusoma bila kukwamakwama, msamiati, na kuelewa unachosoma. Nikajipima usiku ule nikaona miaka yote nimekaa kwenye lile la pili peke yake. Iliniuma.

Huku nyumbani sasa, ukitafuta kwa jina la digrii utakata tamaa. M.Ed, yaani masters ya elimu, zipo, kuna na Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992, ambacho kinakufundisha ukiwa palepale kituoni kwako, ila kusoma kumejificha ndani ya mitaala na ufundishaji, ndani ya elimu ya awali, ndani ya isimu. Kwa hiyo acha jina, omba orodha ya masomo, halafu uliza nani atakusimamia tasnifu na kama amewahi kukaa na watoto wa darasa la kwanza. Chuo kimoja nilipiga simu nikajibiwa kozi zetu zote nzuri mwalimu, karibu. Nikashukuru nikakata. Kingine nikaunganishwa na mhadhiri mwenyewe, nikamweleza habari ya yule mtoto wa "wanakimbilia", na kabla hajasema lolote kuhusu ada wala fomu akaniuliza, mwalimu, hao watoto nyumbani wanaongea lugha gani? Tuliongea karibu nusu saa. Hapo ndipo nilipoomba nafasi.

Barua ya ruhusa ya masomo iko kwa mwajiri. Tasnifu yangu nataka iwe kuhusu maneno marefu, mtoto anayabebaje kichwani. Nimeanza kukata maboksi kutengeneza kadi, wa-na-ki-mbi-li-a, na jana yule mtoto alizipanga zote sita mezani kwangu, akakosea mbi na li mara mbili, akazirudisha mwenyewe, akasoma, halafu akaniuliza, wanakimbilia wapi?