Nilivyotenganisha joto na sumaku kwenye magnetomita yangu

Magnetomita yangu, yaani kifaa cha kupima uga wa sumaku, ni ya kujitengenezea: sensa ya fluksigeti (ndiyo inayohisi sumaku) ndani ya bomba la plastiki, Arduino (kompyuta ndogo ya saketi) ya kusoma, na waya mrefu wa kuiweka mbali na vyuma. Kila siku mstari wa grafu ulipanda tangu asubuhi, ukashuka jioni. Nilifurahi, maana uga wa sumaku wa dunia hubadilika kweli mchana, jua linapoamsha mikondo ya umeme juu angani. Kilichonitia shaka ni saa. Mikondo hiyo hupata nguvu zaidi karibu na adhuhuri, lakini kilele changu kilikuja saa tisa alasiri, bomba likiwa limepata joto kali. Nikashuku kwamba joto ndilo linalopotosha fluksigeti.

Nikaamua kuongeza sensa ya joto ya dijitali, DS18B20. Inatuma namba tayari, kwa hiyo urefu wa waya haupotoshi kipimo. Nyaya tatu tu, na rezista ya kiloomu 4.7 kati ya waya wa data na wa umeme. Kipimo cha kwanza kilisema nyuzi 85! Kumbe ndiyo namba inayokaa ndani yake ikiwashwa. Lazima uiamuru ipime, usubiri milisekunde 750, ndipo usome.

Kazi hasa ilikuwa pa kuiweka. Nilisogeza sumaku ndogo kwenye miguu ya sensa, miguu ikavutwa: ina chuma. Nikaikata ikabaki mifupi, nikaigandisha sensa kwa gundi isitikisike hata kidogo, kwani chuma kilichotulia huongeza kiasi kilekile siku zote, na hicho unaweza kukitoa. Umeme nao una sumaku yake: waya mmoja wenye miliampia 1, umbali wa sentimita 1, hutoa nanotesla 20 (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku). Kwa anayesaka badiliko la nanotesla chache, hizo ni nyingi mno. Nilizisokota nyaya pamoja ili mkondo wa kwenda na wa kurudi ifutane, na programu nikaipanga isome joto kwanza, sensa itulie, ndipo ipime sumaku.

Bado sikujua kila nyuzi moja inapotosha kiasi gani. Mchana jua hubadilisha vyote viwili kwa pamoja, huwezi kuvitenganisha. Kwa hiyo nilingoja usiku mtulivu, saa nane hivi, nikaegemeza chupa ya plastiki yenye maji ya moto kwenye bomba, nikaondoka. Joto lilipanda nyuzi 12. Nilipochora sumaku dhidi ya joto, nikapata kitanzi badala ya mstari: njia ya kupanda haikulingana na ya kushuka. Sensa ya joto ilikuwa imegusa ukuta wa bomba, ikawahi kupata joto kabla ya fluksigeti iliyo katikati. Niliibandua, nikaifunga kwenye kishikio kilekile cha fluksigeti, nikazungushia sponji nene, nikarudia usiku uliofuata.

Safari hii kitanzi kilijifunga kikawa karibu mstari: nanotesla 7 kwa kila nyuzi. Nikaingiza hesabu hiyo kwenye programu na kuchora upya usiku ule. Chupa ya maji ya moto haikuonekana popote. Kesho yake kilele cha mchana kilikuwa kifupi zaidi, na kilikuja saa sita na nusu.